Somo: Mwani, Dawa ya Meno na Joto la Bahari

Toleo hili nimeombwa niandike kuhusu bahari. Nilicheka kidogo. Bahari gani, nasi tuko Birmingham, mji wa mifereji, mbali na pwani zote za nchi hii?

Basi usiku ule, kabla ya kupiga mswaki, nikasoma maandishi madogo kwenye boksi la dawa ya meno. Nikakuta karajinani. Huo ni ute unaotolewa kwenye mwani, nao hufanya dawa ishikane. Kwenye vyakula huandikwa E407. Tazama aiskrimu na maziwa ya chokoleti madukani, utauona mara kwa mara.

Siwezi kuapa kwamba ute ule ulitoka Zanzibar. Lakini mwani naujua. Mama mkubwa aliyenilea analima mwani Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja. Sare zangu zote za shule zilitokana na mwani.

Unalimwaje?

Kilimo cha mwani wa kuuza kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, kwa mbegu kutoka Ufilipino. Wakati wa bamvua, maji yakitoka sana, kina mama hushuka pwani, huchomeka vijiti mchangani, hufunga kamba na kuning'iniza mbegu. Baada ya wiki kama sita huvuna, huanika na kuuza. Wakulima wengi ni wanawake, na kwa wengi wao hiyo ilikuwa pesa ya kwanza kuishika kwa mikono yao wenyewe. Mwanamke mwenye pesa yake, jamani, hata nyumbani husikilizwa!

Bahari ikiugua

Kuna aina mbili kuu: spinosamu na kotonii. Kotonii ina bei nzuri zaidi, lakini haivumilii joto. Maji ya kina kifupi yakipata joto kupita kiasi, mwani hudhoofika, hugeuka mweupe, ncha zikakatika na kuchukuliwa na maji. Kuanzia miaka ya 2000 kotonii ilikufa sehemu nyingi za Unguja. Wakulima wakabaki na spinosamu ya bei ndogo, nayo pia huugua. Kazi ni ileile, jua ni lilelile, pesa ndiyo imepungua.

Dawa ipo: kulima kwenye maji ya kina zaidi, ambako joto ni pungufu. Mtafiti Dk. Flower Msuya na wenzake wamewafundisha wakulima kutumia nyavu za mirija na mashua. Mwaka 2006 ulianzishwa pia mpango wa kuwaunganisha wakulima, watafiti na wafanyabiashara, na kina mama wakajifunza kutengeneza sabuni ya mwani.

Lakini kina kirefu kinataka mashua, na kinataka kujua kuogelea. Wanawake wengi wa kwetu hawakufundishwa kuogelea. Nilipompigia simu mama mkubwa, aliniambia, "Mwanangu, maji yakinifika kifuani mimi narudi." Bahari imepata joto, na anayelipa ni yule asiyeweza kuifuata kilindini.

Na sisi wa Birmingham?

Ni hapahapa ambapo Matthew Boulton na James Watt waliungana mwaka 1775 kutengeneza injini za mvuke zilizokula makaa ya mawe. Watt amezikwa Handsworth, kulekule tunakokwenda kununua unga na mihogo. Simlaumu peke yake. Ila moshi wa makaa, kisha mafuta na gesi, wa nchi nyingi na kwa miaka mingi, umeifunika dunia kama blanketi. Zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada limemezwa na bahari. Wahenga walisema, bahari iliko ndiko mito iendako. Kumbe hata joto la viwanda huenda hukohuko.

Maswali ya kujadili tukikutana:

1. Mwani wetu mwingi huuzwa nje ukiwa mkavu tu. Wanaosoma uhandisi na biashara, tufanyeje ute utolewe nyumbani?
2. Kipi kitangulie: mashua, au mafunzo ya kuogelea kwa kina mama?

Mimi jibu langu la pili ninalo. Likizo ijayo, mama mkubwa akikubali, tutaanzia maji ya magotini.

Tukutane toleo lijalo, inshallah.