Kichekesho cha Dikteta na Umri wa Mtoto

SWALI
Mume wangu amepata filamu ya zamani ya Charlie Chaplin, The Great Dictator, na anataka tuitazame pamoja na watoto. Mmoja ana miaka 6, mwingine 11. Anasema ni kichekesho tu, hakina ubaya. Mimi niliona kipande ambacho watu wanapigwa na kuonewa madukani mwao, nikasita. Tufanyeje?
Mama wa Wawili, Morogoro

JIBU
The Great Dictator ilitoka mwaka 1940, Vita Kuu ya Pili ikiwa imeshapamba moto Ulaya na Marekani ikiwa bado haijaingia vitani. Chaplin aliiandika, akaiongoza na kuigiza nafasi mbili: Hynkel, dikteta wa nchi ya kubuni iitwayo Tomainia, na kinyozi Myahudi anayefanana naye mno. Hynkel ni Hitler aliyepewa jina jingine.

Kufaa kwa filamu ya kejeli kwa mtoto hupimwa kwa mambo matatu: anachokiona, anachokielewa, na nani anayechekwa.

Kwa upande wa yanayoonekana, filamu hii haina uchi, na ugomvi wake mwingi ni wa kuangushana na kupigana vikaango. Hata hivyo, askari wa dikteta wanaandika neno Myahudi kwenye vioo vya maduka, wanawatesa wakazi, na kinyozi nusura anyongwe kwenye nguzo ya taa. Zito zaidi ni tukio la wavumbuzi. Mmoja anavaa nguo anayodai haipenyi risasi. Hynkel anamfyatulia, naye anakufa papo hapo. Kifo hicho kimepangwa kichekeshe. Mtu mzima hutambua kwamba kinachofichuliwa ni ukatili wa mtawala asiyejali roho ya mtu. Mtoto wa miaka 6 huenda akaona tu kwamba mtu akipigwa risasi watu hucheka.

Kwa upande wa uelewa, vichekesho vya mwili humfikia mtoto yeyote. Hynkel anacheza na puto lenye ramani ya dunia mpaka linampasukia. Yeye na mtawala mwenzake wanashindana kupandisha viti vya kinyozi, kila mmoja akitaka kuwa juu. Kejeli yenyewe haieleweki bila historia. Asiyejua kwamba utawala wa Hitler uliua Wayahudi wapatao milioni 6 atamwona Hynkel kama mzee mkorofi mwenye masharubu. Tena filamu inapita saa 2, ni ya Kiingereza, na inafungwa kwa hotuba ndefu ya kutetea utu.

Kuhusu anayechekwa, Chaplin alimlenga mwonevu, hakumlenga mwonewa. Lakini katika kitabu cha maisha yake kilichotoka 1964, aliandika kwamba kama angejua mapema unyama wa kambi za mateso za utawala wa Hitler, asingeweza kuitengeneza filamu hii. Ikiwa mtunzi mwenyewe aliona kicheko hicho kina mpaka, mzazi anayesita hana sababu ya kuona haya.

Kwa hiyo, kwa mtoto wa miaka 6 mama yuko sahihi. Huyo aonyeshwe tukio la puto na la viti, basi, mengine yasubiri. Kwa wa miaka 11 baba yuko sahihi, kwa masharti. Wazazi waitazame kwanza wenyewe. Kabla ya kuanza, mtoto aelezwe Hitler alikuwa nani na Wayahudi walitendwa nini. Filamu isimamishwe kwenye matukio ya mateso ili aulize maswali, na ikiwa ni ndefu kwake igawanywe kwa siku mbili. Ikiisha, aulizwe ni nani aliyemchekesha na kwa nini. Akijibu kwamba alimcheka mwenye nguvu aliyejiona mkubwa, filamu imemfaa. Akijibu kwamba aliwacheka waliopigwa, wazazi wakae naye wamweleweshe siku hiyohiyo, bila kumkaripia.