Kufuga Mnyama wa Vitana

Watoto, mnajua kufuga kuku, mbuzi na samaki wa bwawani. Leo tusome habari za mnyama aliye mgumu sana kufugwa.

Mnyama huyu hukaa katika maji ya bahari, yenye chumvi. Hayuko katika mito wala maziwa yetu. Mwili wake ni mwororo, nao hupenya mwanga kama ute wa yai. Hana mfupa hata mmoja. Mwilini ana mistari minane ya nywele fupi, zilizopangwa kama meno ya kitana. Kwa nywele hizo huogelea. Mwanga ukizipiga, hung’aa kwa rangi za upinde wa mvua.

Mtunzaji wake hufuata mambo matatu.

1. Chombo. Katika sanduku lenye pembe, mnyama husukumwa pembeni na kupasuka. Mwaka 1968 Mjerumani Wolf Greve alieleza chombo cha mviringo, ambamo maji huzunguka polepole bila kukoma. Humo mnyama huelea, wala haumizwi na ukuta. Mtunzaji hamshiki kwa mkono; humteka kwa kikombe pamoja na maji yake.

2. Uzazi. Katika jamii iitwayo Mnemiopsis, kila mmoja ana mayai na mbegu za kiume pia. Wakubwa hutaga usiku, gizani. Asubuhi mtunzaji huwaondoa, maana waweza kula watoto wao. Baada ya siku moja hivi, mayai huanguliwa.

3. Chakula. Watoto hula vidudu vidogo mno. Basi mtunzaji hukuza kwanza mimea midogo ya majini, kisha vidudu viilavyo mimea hiyo. Hivyo chakula hutangulia, mtoto hufuata.

Huko Monterey, katika Marekani, iko nyumba kubwa ya wanyama wa bahari. Watunzaji wake walifaulu kuzalisha jamii kadhaa za wanyama hawa, na mwaka 2020 walitangaza njia zao ili wengine wajifunze.

Lakini angalieni! Katika miaka ya 1980 Mnemiopsis alifika Bahari Nyeusi, ambako hakuwako zamani. Alichukuliwa na meli, katika maji yanayotiwa ndani ya meli ili isiyumbe. Huko alizaana upesi, akala mayai ya samaki, watoto wao na chakula chao. Samaki walipungua sana, na wavuvi wakapata hasara kubwa. Kwa hiyo mfugaji mwenye akili hamwagi ovyo maji yenye mayai. Kufuga si kulisha tu; ni kulinda pia.

Maulizo

1. Kwa nini mnyama huyu huitwa mnyama wa vitana?
2. Chombo chake chafanana namna gani, na kwa nini?
3. Mtunzaji hukuza nini kabla ya kupata watoto?
4. Wavuvi wa Bahari Nyeusi walipataje hasara?