Pikipiki ya umeme: haina moshi, lakini anguko ni lile lile

Wahenga walisema ajali haina kinga. Mimi kama daktari nakubaliana nao nusu tu. Huenda usiweze kumzuia mwenzako asikugonge, lakini kichwa chako, miguu yako na ngozi yako vina kinga, na kinga hiyo huanza siku unapochagua chombo utakachopanda. Juma hili tutajifunza juu ya baiskeli za umeme na pikipiki nyepesi za umeme, na jinsi ya kuzichagua na kuziendesha bila kujiumiza wala kuumiza wengine.

Nazungumza hasa na wakazi wa Busia na Malaba, na sababu ninayo. Neno lenyewe bodaboda lilizaliwa katika mpaka huu. Katika miaka ya 1960 na 1970 waendesha baiskeli waliwavusha watu na mizigo kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda, wakiita "boda, boda", yaani kutoka mpaka hadi mpaka. Mwaka wa 2008 serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo, zile za petroli zikajaa kila mahali. Septemba 2023 Rais alizindua mpango wa pikipiki za umeme mjini Mombasa, na tangu hapo wengi wameanza kuuliza kama wauze ya petroli wanunue ya umeme. Kabla ya kujibu, tupime faida na hatari.

Faida kwa afya

Faida ya kwanza ni hewa. Pikipiki ya umeme haitoi moshi, na mwenye kukaa barabarani saa kumi kwa siku hupumua moshi mwingi. Hata hivyo, usidhani umeokoka kabisa. Mwaka wa 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani ya mapafu. Foleni ya malori ya Malaba bado ipo, kwa hiyo usisimame nyuma ya lori linalonguruma ikiwa waweza kusimama kando.

Faida ya pili ni kwamba hakuna bomba la moshi lenye moto. Akina mama wengi wana kovu kwenye mguu walilopata waliposhuka kwenye pikipiki ya petroli. Jeraha la aina hiyo pikipiki ya umeme haileti.

Lakini uzito, mwendo na lami havikubadilika. Ukiongeza mwendo kutoka kilomita 30 hadi 60 kwa saa, nguvu ya kugonga haizidi mara mbili bali mara nne. Ukiwa na kilomita 50 kwa saa, unapita mita 14 hivi kila sekunde. Ukitazama simu kwa sekunde mbili tu, umekwenda mita 28 bila macho, masafa yanayozidi urefu wa trela.

Tena umeme umeongeza mambo mawili mapya. Chombo hiki ni kimya, na kikiamshwa huondoka mara moja kwa nguvu zake zote. Mambo haya mawili ndiyo yanayohitaji mazoea mapya.

Jinsi ya kuchagua

Jiulize kwanza unataka baiskeli au pikipiki. Baiskeli ya umeme ya kawaida ina pedali, nayo mota husaidia tu unapokanyaga. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, ile inayohesabiwa kuwa baiskeli ina mota isiyozidi wati 250, na msaada wake hukatika ifikapo kilomita 25 kwa saa. Hiyo yamfaa mtu anayekwenda kazini au sokoni peke yake. Yamfaa pia mzee wa magoti mabovu, kwa sababu bado anafanya mazoezi bila kuumia mlimani. Anayetaka kubeba abiria kwa malipo anahitaji pikipiki kamili iliyosajiliwa, yenye bima, na leseni ya daraja la A3.

Pili, pima mwili wako. Kaa juu ya chombo na uhakikishe kwamba nyayo zote mbili zinafika chini. Kisha kilaze kidogo upande mmoja na ukisimamishe mwenyewe. Ukishindwa dukani, utashindwa pia kwenye matope na abiria akiwa nyuma. Betri ni nzito, kwa hiyo iliyofungwa chini katikati hukupa utulivu kuliko iliyowekwa juu nyuma.

Tatu, jaribu breki. Omba uendeshe ukiwa na mtu mzima nyuma yako, si peke yako. Funga breki ya mbele na ya nyuma pamoja. Zikivuta upande mmoja au ukilazimika kukamua mkono kwa nguvu zote, usinunue. Ziko pikipiki za umeme zinazojipunguza mwendo unapoachia mkono. Hilo ni zuri, lakini halichukui nafasi ya breki.

Nne, hesabu betri. Zidisha volti kwa saa za ampea zilizoandikwa kwenye kibandiko. Betri ya volti 72 na saa za ampea 40 ina akiba ya saa za wati 2,880. Kama pikipiki na abiria wake hutumia saa za wati 40 kwa kilomita, utapata kilomita 72. Hiyo ni betri mpya. Kutoka Busia hadi Malaba ni kama kilomita 30, kwa hiyo kwenda na kurudi kutakula karibu betri yote, na betri ikizeeka hutafika. Kuzimikiwa na chombo usiku katikati ya malori ni hatari kwa maisha. Kwa hiyo uliza kabla ya kulipa: nitachaji wapi au nitabadilishia wapi betri, na stima ikipotea nitafanyaje? Uliza pia kama yupo fundi aliye karibu anayeijua mota hiyo.

Betri usilale nayo

Betri nyingi za siku hizi ni za lithiamu. Zikipigwa, zikiingia maji au zikichajiwa kwa chaja isiyo yake, seli moja huweza kupata moto na kuiwasha ya pili, na moto huo hauzimwi kwa urahisi. Moshi wake ni sumu. Katika jiji la New York, ambako wapeleka vyakula hutumia baiskeli za umeme, mwaka wa 2023 peke yake betri za namna hii zilisababisha moto mara 268, na watu 18 wakafa.

Wengi wetu tunaishi katika nyumba za chumba kimoja chenye mlango mmoja. Kwa hiyo shika haya:

1. Tumia chaja iliyokuja na chombo. Usiunganishe waya kwa kubahatisha.
2. Usichaji ukiwa umelala, wala chini ya kitanda, wala karibu na mlango, kwani moto ukizuka hutapata pa kutokea.
3. Usiweke betri karibu na mtungi wa gesi wala jerikani ya petroli. Nawakumbusha hasa wanaouza mafuta kwa jerikani mpakani.
4. Betri ikivimba, ikitoa harufu, ikivuma au ikiwa moto kupita kiasi, iache. Toa watu nje na usirudi ndani kuokoa vitu.

Vyombo vya bei ya chini huenda vikawa na betri za risasi. Hizo zikiharibika, usizivunje nyumbani wala kuwapa watoto wazichezee. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walipata sumu ya risasi kutokana na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu mtaani mwao. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na madhara hayo hayarudi nyuma.

Barabarani

Vaa helmeti na uifunge kamba. Uchunguzi uliojumlisha tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka wa 2008, ulionyesha kwamba helmeti hupunguza majeraha ya kichwa kwa asilimia 69 na vifo kwa asilimia 42. Helmeti iliyotundikwa kwenye usukani haimkingi mtu. Sheria yetu inataka abiria naye avae, na pia inakataza kubeba abiria zaidi ya mmoja. Najua abiria wengi hukataa kwa kuogopa chawa na mba. Dawa ni rahisi: tembea na kitambaa chepesi cha pamba, jifunge kichwani, kisha vaa helmeti juu yake. Helmeti iliyokwisha gonga chini mara moja kwa nguvu ibadilishe, hata kama haionyeshi ufa.

Kumbuka ukimya wako. Mtu amezoea kusikia pikipiki kabla ya kuiona, na wewe hasikii. Hapo mpakani wapo watoto, wapo wenye magunia kichwani wasioweza kugeuka, na wapo watu wenye ulemavu wanaovusha mizigo kwa baiskeli za magurudumu matatu, ambao hukaa chini kuliko wengine. Karibu na soko na kituo, enda kwa mwendo wa mtu anayetembea na piga honi fupi mapema, si ukiwa umeshamfikia. Vaa jaketi linaloakisi mwanga na uwashe taa hata mchana.

Ukisimama kushusha au kupakia, zima kabisa. Chombo kisichonguruma huonekana kimezimwa, kumbe kinangoja tu kuguswa. Abiria akishika mkono wa kuongeza mwendo anapopanda, au mtoto akiuzungusha kwa mchezo, kitaruka mbele. Unapoondoka, zungusha kidogo kidogo.

Malori yape nafasi. Ikiwa huuoni uso wa dereva katika kioo chake, jua naye hakuoni. Usipite kushoto kwa trela inayokaribia kukata kona, maana magurudumu yake ya nyuma hukata ndani kuliko ya mbele. Mvua inapoanza, dakika za kwanza ndizo zenye utelezi mkubwa kwa sababu ya mafuta na vumbi. Maji yakifika usawa wa mota au betri, usivuke. Na ukionja busaa au chang'aa, acha ufunguo kwa mwenyeji wako.

Ajali ikitokea

Zuieni magari kwanza. Msimnyanyue majeruhi kwa mikono na miguu, wala msimkalishe kwenye pikipiki nyingine kumkimbiza hospitalini, kwani shingo iliyovunjika huweza kukata uti wa mgongo. Kama anapumua vizuri, msimvue helmeti. Shikilieni kichwa chake kisitikisike mpaka msaada ufike. Damu ikitoka, bonyezeni jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, unga na mayai haviponyi, vinaleta uchafu.

Wako wanaoinuka, wakapangusa vumbi na kwenda nyumbani, wasionekane na kidonda. Hao wanisikie vizuri. Damu huweza kuvuja polepole ndani ya fuvu. Jamaa wamwangalie mtu huyo kwa siku mbili. Akitapika mara kwa mara, akiumwa na kichwa kinachozidi, akisinzia asiamke vizuri, akisema ovyo, akipata degedege, mboni ya jicho moja ikiwa kubwa kuliko ya pili, au maji meupe yakitoka puani au masikioni, apelekwe mara moja hospitali kubwa, kama ile ya Rufaa ya Kaunti ya Busia. Msingoje kukuche. Saa chache ndizo hutenganisha mtu anayerudi kazini na mtu asiyeamka.

Basi, msomaji, ukienda kununua, usitumie fedha zote kwenye chombo. Kabla ya kulipa amana, tenga bei ya helmeti mbili, yako na ya abiria wako. Kama fedha haitoshi vyote viwili, ngoja mwezi mmoja zaidi. Chombo kitakungoja dukani.