Somo la Ufundi: Mlango wa Atelye Ndogo

Wengi wetu hapa Itebero tukimaliza shule tutaanza kazi ya mbao nyumbani, katika kile chumba ambamo pikipiki ilikuwa inalala. Chumba ni kidogo. Basi, mlango gani utatuachia nafasi?

Tuhesabu. Mlango wa upana wa mita 1 ukifungukia ndani unakula robo ya duara: 3,14 × 1 × 1 ÷ 4, karibu 0,79 ya mita mraba. Hapo meza ya kazi haikai. Tukiweka milango miwili ya sentimita 50, yote pamoja inakula karibu 0,39 tu. Ni nusu!

Wengine watasema: ufungukie nje. Lakini nje watu wanapita. Mtoto akibeba sufuria ya moto, mlango unampiga. Tena mvua yetu inaulowesha, mbao inavimba, mlango unakwama.

Uko na wa kusukuma pembeni, unaning'inia juu kwenye chuma kwa magurudumu madogo. Sakafuni hauli kitu. Ila unaomba boriti yenye nguvu, na kando yake ukuta mtupu wa zaidi ya mita 1: hapo hatutatundika msumeno wala randa. Juu tuweke kizuizi, mwizi asiuinue usiku.

Ukuta mtupu ukikosekana, tuchague milango miwili. Mbele ya kununua mbao, tuchore duara sakafuni kwa kamba na kijiti. Kama mjenzi wa mnara katika Luka 14, tuketi kwanza, tuhesabu.