Sahihi Isiyo na Wino: Uhalali wa Sahihi za Kielektroniki katika Hati za Biashara Nchini Kenya

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la leo, hata hivyo, aghalabu halina karatasi. Mikataba huandikwa kwa tarakilishi, hutumwa kwa baruapepe na kukubaliwa kwa kubonyeza kitufe cha rununu. Je, mkataba wa aina hii humfunga aliyeukubali sawa na ule uliotiwa wino? Makala haya yanashikilia kwamba humfunga, ila si kila sahihi ya kielektroniki iliyo na nguvu sawa. Asiyeitambua tofauti hiyo huenda akaigundua mahakamani, wakati maji yamekwisha kumwagika.

Maana ya Sahihi

Neno sahihi, lenye asili ya Kiarabu, lina maana mbili katika Kiswahili: kisicho na kosa, na alama ambayo mtu huiweka kuidhinisha hati. Maana hizi zinahusiana, kwani anayetia sahihi hukiri kwamba yaliyoandikwa ni ya kweli na kwamba ameyaridhia. Ndiyo sababu uzuri wa mwandiko haukuwa hoja. Asiyejua kuandika alitia alama ya dole gumba, nayo ikamfunga. Kinachotafutwa ni mambo mawili: ni nani aliyeidhinisha, na alikusudia kuidhinisha nini.

Msimamo wa Sheria

Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya, iliyotungwa mwaka 1998, ilifanyiwa marekebisho yaliyoanza kutumika Januari 2009. Marekebisho hayo yalizitambua rekodi na sahihi za kielektroniki, na kuzigawa sahihi hizo katika daraja mbili.

Daraja ya kwanza ni sahihi ya kawaida, yaani data iliyoambatishwa kwenye ujumbe ili kumtambulisha mtu na kuonyesha kuwa ameuridhia. Jina lililochapwa mwishoni mwa baruapepe laweza kuingia hapa.

Daraja ya pili tunaweza kuiita sahihi iliyoimarishwa. Hii sharti itimize masharti manne: ihusiane na mtu mmoja tu, iweze kumtambulisha, itengenezwe kwa njia iliyo chini ya udhibiti wake pekee, na ifungamane na hati kiasi kwamba badiliko lolote la baadaye litaonekana. Kwa kawaida hutumia jozi ya funguo. Ufunguo wa siri hubaki kwa mwenye sahihi, na ufunguo wa umma hutumiwa na wengine kuihakiki. Tarakimu moja ya bei ikibadilishwa, uhakiki hushindikana.

Tuchukulie kwamba mkulima wa Eldoret anakubali kwa baruapepe kumuuzia mwenye kinu wa Thika magunia 200 ya mahindi. Kifungu cha 83J kinaeleza kwamba mkataba haubatiliki kwa sababu tu umefanywa kwa njia ya kielektroniki. Tuseme sasa kwamba ndugu ya mwenye kinu anajitolea kuwa mdhamini wa deni hilo. Hapa mambo hubadilika. Sheria ya Mikataba hairuhusu mdhamini kushtakiwa pasipo maandishi yaliyotiwa sahihi, na kifungu cha 83P kinasema kwamba sheria inapodai sahihi, dai hilo hutimizwa kwa sahihi iliyoimarishwa. Mkulima anayetegemea jina lililochapwa tu amejiweka mahali penye utelezi.

Mwaka 2020, Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Biashara ilipanua utambuzi huu hadi sheria nyingine, zikiwemo za mikataba na za usajili wa ardhi. Hata hivyo, wosia pamoja na hati za malipo zinazohamishika, mathalani hundi, ziliachwa nje ya utaratibu wa kifungu cha 83B.

Suala la Ushahidi

Uhalali ni jambo moja. Uthibitisho ni jingine. Picha ya sahihi iliyobandikwa kwenye hati yaweza kunakiliwa na yeyote aliyewahi kuiona. Mwenye sahihi akiikana, mzigo wa kuonyesha kwamba ni yake humwangukia anayeitegemea. Isitoshe, Sheria ya Ushahidi, katika kifungu cha 106B, inaweka masharti kuhusu nakala zinazotolewa na tarakilishi, likiwemo la cheti kinachoitambulisha rekodi na kueleza ilivyotolewa. Kwa hiyo ni busara mfanyabiashara ahifadhi faili asilia badala ya nakala iliyopigwa chapa pekee, atunze mawasiliano yaliyotangulia mkataba, na asimpe mtu mwingine nywila yake. Anayempa karani nywila amempa mkono wake wa kutilia sahihi.

Hitimisho

Imebainika kwamba sheria ya Kenya haimdai mfanyabiashara wino. Inamdai uhusiano thabiti baina ya mtu, nia na hati. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, hapa pana wajibu wa kiistilahi. Mfasiri wa mkataba anayetumia "sahihi ya kielektroniki" kwa daraja zote mbili hufuta tofauti ambayo sheria imeiweka, na gharama yake humwangukia msomaji asiyejua lugha nyingine. Ahadi ni deni. Basi yafaa anayeahidi aelewe, kwa lugha yake, ni kwa alama ipi amejifunga.