Kabla Hujamwita Mwanao Chelsea au Brighton

Ukipita Kariakoo, Dar es Salaam, jezi za timu ya Chelsea zimetundikwa kila kona, na mabinti wanaoitwa Chelsea nao wapo. Kina Brighton na Clifton vilevile. Ni majina matamu. Ukilipenda mojawapo, zingatia haya.

1. Jua maana yake. Chelsea ni eneo la London. Kwa kawaida jina hilo huelezwa kuwa lina maana ya gati la kushushia chokaa. Brighton, mji wa pwani ya kusini mwa Uingereza, zamani uliitwa Brighthelmstone: shamba la mtu aitwaye Beorhthelm. Wengi hudhani jina Brighton lina maana ya kung'aa. Mwanao atakuja kukuuliza, uwe na jibu.

2. Usione haya. Majina ya mahali tunayo tangu zamani, kina Madina na Sayuni. Na jina la Kiingereza si geni kwetu: Kariakoo yenyewe imetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza.

3. Liite kwa sauti. Simama mlangoni, uite kama unamwita mtoto uliyemtuma dukani akachelewa. Chelsea hutoka laini, "Chelsi!" Brighton watu watalimalizia wanavyojua wao: "Braitoni!" Kama hukupenda ulivyosikia, tafuta jingine, maana mtaani ndivyo atakavyoitwa.

4. Mkubaliane. Baba akilitaka kwa mapenzi ya mpira, mama naye aridhike. Timu hupanda na kushuka, jina linabaki.

5. Shika tahajia moja. Chelsea, Chelsy na Chelsi ni watu watatu mbele ya karani. Mwandikie jina kwenye karatasi kwa herufi kubwa, kisha kagua kadi ya kliniki, tangazo la kizazi na cheti kabla hujaondoka dirishani. Herufi moja ikikosewa humsumbua mtoto hadi shuleni na kwenye kitambulisho cha taifa cha NIDA, na kuirekebisha kunaweza kuhitaji kiapo mbele ya wakili.

6. Mpe na jina la ukoo. La bibi mzaa baba au babu mzaa mama litakaa vizuri kando ya Chelsea, na mtoto atajua kwao ni wapi.

7. Msajili mapema. RITA, wakala wa usajili wa vizazi Tanzania, inataka kizazi kisajiliwe ndani ya siku 90. Jina likishapatikana, usingoje siku ya kuandikishwa shule: kamchukulie mwanao cheti.