Pedali, kiti na goti: tuitengeneze kinga ya kwendea kazini



Somo la leo ni juu ya kitu kidogo ambacho watu wengi hapa Lusangi wanakikanyaga kila siku bila kukifikiri. Kitu hicho ni pedali ya kinga, yaani baisikeli. Kinga ndiyo inayotupeleka kazini, inayopeleka mpunga sokoni, inayomfikisha mgonjwa kwenye dispanseri. Kutoka Kasongo mpaka Kabambare utaikuta kila njia. Lakini kinga isiyomfaa mwenyewe inamkula polepole, na siku nyingine inamwangusha mara moja.

Nitaanza na kosa langu mimi mwenyewe. Mfanyakazi mmoja wa zamu ya asubuhi alikuja kwangu akilalamika goti la kuume, mbele, chini ya pia ya goti. Nilimpa vidonge. Baada ya juma moja alirudi, nikampa vingine. Mara ya tatu akasema: « Munganga, unipe karatasi ya kupumzika, maana goti hili litanifukuza kazini. » Nilimsindikiza mpaka nje, nikamwona akipanda kinga yake. Kiti kilikuwa chini kabisa, kwa sababu mtoto wake wa miaka 12 naye anaitumia kwenda shuleni. Magoti ya baba yalipanda karibu na gidoni. Tena pedali ya kuume ilikuwa imekwisha. Kilichobaki ni chuma chake cha katikati tu, chembamba kama kidole.

Niliona haya. Mara mbili nilitibu goti bila kuuliza linafanya kazi gani. Siku ile tuliinua kiti, naye akanunua pedali mbili mpya. Majuma machache baadaye alikuja kunisalimu, si kuomba vidonge. Kwa hiyo nawaandikia somo hili.

1. Goti linahesabu

Chukua kinga ya kawaida yenye gurudumu la 28, meno 44 mbele na meno 18 nyuma. Kila pedali ikizunguka mara moja, kinga inakwenda karibu mita 5 na nusu. Ukiwa na kilomita 10 za kwenda kazini, kila goti linakunjwa na kunyoshwa mara 1,800 na zaidi. Kwenda na kurudi ni 3,600. Kwa siku 6 za kazi ni zaidi ya 21,000. Kosa dogo la kipimo, likirudiwa mara 21,000 kwa juma, si dogo tena. Ndiyo maana hatupimi kinga kwa macho ya muuzaji. Tunaipima kwa mwili wa mwenye kuipanda.

2. Kuchagua pedali

Sokoni utakuta aina tatu. Pedali ya mpira inamfaa mwenye kuvaa kandambili na mama anayekwenda shambani, maana haikati mguu. Lakini mpira ukiisha na matope yakiingia, inateleza. Pedali ya chuma yenye meno inashika vizuri soli ya buti, lakini inachuna muundi na haifai miguu mitupu. Pedali ya plastiki ni rahisi kwa bei, lakini iangalie sana, maana inapasuka kwa mizigo mizito.

Kabla ya kulipa, fanya hivi:
a) Izungushe kwa kidole. Izunguke laini, isikwaruze.
b) Ishike na kuitikisa. Isicheze huku na huku.
c) Weka juu yake kiatu unachokwenda nacho kazini. Upana wa soli ukae wote.
d) Nunua mbili pamoja, ya kuume na ya kushoto. Hazibadilishani.

Usitembee kamwe juu ya chuma kitupu cha pedali iliyokwisha. Mguu mzima unabanwa mahali pamoja, na mlimani ukikanyaga kwa nguvu unateleza, kisha muundi unapiga chuma. Kidonda cha namna hiyo tunakishona mara kwa mara.

3. Kuifunga pedali

Hapa wengi wanaharibu kinga. Pedali ya kuume inakazwa kama buloni ya kawaida. Pedali ya kushoto inakazwa kinyume. Waliotengeneza hawakukosea, kama ingekuwa sawa na ya kuume, ingejifungua yenyewe njiani. Tazama kwenye chuma chake: alama ya R au D ni ya kuume, alama ya L au G ni ya kushoto.

Njia rahisi ya kukumbuka ni hii: simamisha ufunguo wa 15 uelekee juu. Ukiusukuma kuelekea gurudumu la mbele, unakaza. Ukiuvuta kuelekea gurudumu la nyuma, unafungua. Ni hivyo pande zote mbili.

Anza kwa vidole. Pedali lazima iingie kwa mkono mizunguko michache kabla ya kushika ufunguo. Ikikataa, usiilazimishe wala usiipige nyundo. Utakula meno ya mkono wa pedali, na mkono wa pedali ni ghali kuliko pedali. Paka grisi kidogo kwanza. Mafuta ya mawese ni ya chakula. Kwenye chuma yanaganda na kushika mchanga.

Ukisikia « ko, ko » kila mzunguko, tazama pini inayoshika mkono wa pedali. Ikilegea, ibadilishwe siku hiyo hiyo.

4. Kiti kwanza

Pedali nzuri haikusaidii kama kiti kiko mahali pabaya. Mwite mtu akushikie kinga, ukae kitini, kisha fanya hatua hizi:

Urefu. Weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa. Mguu unyoke sawasawa, bila kiuno kuinama upande. Sasa songeza mguu, ile sehemu pana iliyo nyuma ya vidole ikae juu ya chuma cha katikati cha pedali. Goti litakunjika kidogo. Hapo ndipo panapotakiwa.

Mbele na nyuma. Weka mikono ya pedali ilale sawa, mmoja mbele, mmoja nyuma. Funga kajiwe kwenye uzi, ushushe uzi kutoka mbele ya goti la mbele. Uzi upite karibu na chuma cha katikati cha pedali. Ukipita mbali, songeza kiti kidogo.

Kipimo cha mwisho. Usibadilishe mambo yote siku moja. Inua kiti kwa nusu sentimeta, tembea siku mbili tatu, usikilize mwili. Maumivu mbele ya goti mara nyingi yanasema kiti ni chini sana. Maumivu nyuma ya goti, au kiuno kinachoyumba, yanasema kiti ni juu sana.

Angalia pia bomba la kiti. Lina alama ya mwisho wa kuinuliwa. Usiipite, maana bomba litavunjika nawe ukiwa juu. Na anayebeba mtu au gunia kwenye njia mbaya anaweza kushusha kiti kidogo, ili ncha za miguu zifike chini upesi.

Kinga ya watu wawili nyumbani? Paka rangi bomba la kiti: mstari mmoja wa baba, mwingine wa mtoto. Ufunguo ukae mahali pamoja, na kila mmoja arudishe kiti chake kabla ya kutoka. Kazi hiyo haichukui hata dakika tatu.

5. Mguu si freni

Ndugu zangu, neno hili nalisema kwa uchungu. Tunaona watu wanashuka mteremko bila freni, wanakanyaga pine kwa kandambili. Siku soli inakatika au mguu unavutwa, mtu anafika kwetu na kifundo kimevunjika. Mteremko hauulizi kama ulikuwa na haraka.

Jaribu freni kila asubuhi kabla ya kupanda. Bana freni ya mbele na kusukuma kinga: gurudumu lisizunguke. Fanya hivyo kwa freni ya nyuma. Mpira wa freni uguse rimu, si pine. Ukibaki mwembamba, badilisha. Wakati wa mvua rimu inalowa na freni inashika kwa kuchelewa. Kwa hiyo anza kufunga mapema, kwa mikono yote miwili, kidogo kidogo. Ukiwa na mzigo mkubwa na mteremko ni mkali, shuka utembee. Kufika umechelewa ni heri kuliko kufikishwa umebebwa.

6. Mtoto wa nyuma

Mama, mguu wa mtoto anayekaa nyuma unaingia upesi kati ya nyuzi za gurudumu. Ngozi ya kisigino inachunwa na mifupa inaweza kuvunjika. Funga ubao au kitambaa kigumu kila upande wa gurudumu la nyuma, weka mahali pa kukanyagia, na umvishe viatu. Mtoto asiyeweza kukaa mwenyewe na kushika kwa nguvu asiwekwe nyuma peke yake.

7. Pedali nyingine, sheria moja

Dereva wa kamyo ajue kwamba sheria ni hiyo hiyo: kiti kwanza. Kikaze mahali ambapo, ukikanyaga ambreyaji mpaka mwisho, goti bado limekunjika kidogo na mgongo haujaacha kiti. Freni ikishuka kuliko jana, au ikiwa laini kama sifongo, usitoke, mwite makaniki. Chupa ya maji isiachwe chini karibu na miguu, maana inaweza kuviringika mpaka chini ya freni. Fundi wa cherehani ya miguu naye akae karibu, nyayo zote mbili zilale juu ya pedali.

Hata vijana wa mijini wanaocheza mashindano ya motokari kwa kompyuta nyumbani wamejifunza hivyo. Pedali zao nzuri zinapima nguvu ya mguu, si umbali tu, kama freni ya kweli. Na wao pia, kiti kikiteleza nyuma kila wanapofunga freni, pedali ya bei kubwa haiwasaidii kitu.

8. Uje dispanseri lini?

Goti likiuma kidogo, pumzisha, weka kitambaa cha maji baridi, tengeneza kiti. Lakini usingoje, uje upesi, kama goti limevimba na lina moto, kama una homa, kama huwezi kulikanyagia, au kama limekwama na halinyoki.

Kidonda cha pedali au cha mnyororo, hata kidogo, kioshe kwa maji safi mengi na sabuni. Usiweke udongo, majivu wala oili ya motokari. Kisha uje tuangalie chanjo ya pepopunda. Ugonjwa huo unaweza kuanza siku chache au majuma baada ya kidonda, wakati mwingine kidonda kimekwisha kufunga. Taya linakaza, mwili unakakamaa, na unaua. Chanjo inauzuia.

Jipime mwenyewe

1. Pedali ya kushoto inakazwa kuelekea gurudumu gani?
2. Kisigino kikiwa juu ya pedali ya chini, mguu unakaaje?
3. Maumivu mbele ya goti yanasema nini juu ya kiti?
4. Freni ya mvua inaanzwa kufungwa lini?
5. Nyumbani kwako nani na nani wanatumia kinga moja, na mistari yao ya rangi iko wapi?

Swali la tano halijibiwi kwa karatasi. Lijibu jioni hii uani, pamoja na mtoto wako, ufunguo mkononi. Na ukija kwangu kwa ajili ya goti, usiache kinga nyumbani, uje nayo. Safari hii nitaitazama kwanza.